Nilipoking'arisha Kipimo cha Mume Wangu

Mnaoulizana sokoni Kikula kama bado niko hai, jibu ni ndiyo, niko. Mkishasoma ya leo mtashangaa ni kwa vipi.

Kwa aliyekosa sehemu iliyopita, mambo yalikuwa hivi. Mume wangu, Germain Banza, mpima ardhi wa kampuni hapa Likasi, alikamatwa akiwa anakula, tonge bado mkononi. Mkuu wa ofisi yake, Théodore, alimshitaki kwamba ameiba teodolite ya ofisi, ile darubini ya shaba inayosimama juu ya miguu mitatu, ambayo wapimaji hutumia kutafuta mipaka. Polisi walipekua nyumba yetu mpaka chini ya godoro la watoto. Hawakukuta kitu, kwa sababu mimi, Philomène, nilikuwa nimekifukia kipimo ndani ya pipa la unga.

Msikimbilie kunihukumu. Kipimo kile hakikuwa cha ofisi, kilikuwa cha mume wangu kwa urithi. Baba mkwe wangu aliburuta mnyororo wa kupimia porini tangu ujana wake, na Mzungu mpimaji aliyemtumikia alipofunga masanduku kurudi kwao alimwachia kipimo hicho. Lakini nani angetuamini mwaka ule? Mishahara ilikuwa imekatika, na kila kitu chenye shaba ndani yake, waya, bomba, hata kengele, kilikuwa kinatoweka usiku na kuuzwa ng'ambo ya mpaka. Niliogopa, nikaficha.

Banza akapelekwa jela kule Buluo. Nikabaki na Laure, binti yangu, na Dodo ambaye alikuwa bado ananyonya. Hapo ndipo tulipoachana.

Sasa sikilizeni.

Jumatatu alikuja polisi kwa baiskeli, akasimama mlangoni bila kushuka.

"Bonjour, chef. Bwana yangu alikufa?"

"Apana, mama. Juge njo alinituma. Bwana yako alisema mbele yake asema ile appareil iko, na iko yake. Donc uilete Vendredi ku tribunal, juge aione na macho yake."

"Juu ya nini hamuikamate nyiye benyewe?"

"Na gari gani, mama?"

"Na nikiileta, batamwachilia?"

"Kama iko yake kweli, batamwachilia palepale. Kama haiko yake…" Alikanyaga pedali akaenda zake.

Nilipiga magoti pale pale kwenye pipa nikamshukuru Mungu. Ijumaa ningempelekea jaji kile kipimo mahakamani, na mume wangu angelala nyumbani. Mimi ndiye ningemtoa, kwa mikono yangu hii.

Nikakitoa kipimo kwenye unga, nikakifuta, nikakiweka mezani. Aibu ikanishika.

Kilikuwa cheusi. Moshi wa jiko, grisi ya miaka na miaka, vidole vya baba mkwe, vyote vilikuwa vimegandamana pale mpaka shaba haionekani. Banza hakukubali nikiguse hata siku moja. Nikisogea na kitambaa tu, ananikataza, "Leka, Mama Laure, leka." Nilidhani ni wivu wa wanaume kwa vitu vyao.

Sasa nipeleke uchafu huu mbele ya jaji? Nilijua atakachosema. Mimi ni mmoja wa akina mama wanaosugua vinara na vikombe vya parokia kabla ya sikukuu, kwa limau na majivu. Kwetu sisi, kitu kinachong'aa kina mwenyewe. Kitu chenye uchafu kimeokotwa au kimeibwa. Na huu ni mji wa shaba, jamani. Hapa hata mtoto anajua kwamba malachite, lile jiwe letu la kijani, isiposuguliwa hakuna atakayeitazama mara mbili.

Nikakata limau. Nikachota majivu. Nikasugua mpaka kucha zikaniuma. Weusi ule ulinicheka tu.

Basi nikakifunga kwenye kitenge, nikamweka Dodo mgongoni, nikaenda Kikula kwa mdogo wangu Samy.

Samy anachonga malachite. Mayai, misalaba, visahani vya kuwekea majivu ya sigara, vyote anavisugua kwa gurudumu la umeme lililovikwa kitambaa kizito na unga wa kijani. Ana mkono mzuri na moyo mzuri zaidi. Mngemjua msingemchukia kwa yale nitakayowaeleza.

"Yaya, dada yangu, hii kintu balikuwa banaikaanga?"

"Usicheke, mudogo wangu. Njo yenye itamutosha beau yako, bwana yangu, mu jela. Juge anaitaka Vendredi. Nifanyie ing'are, asijiulize mara mbili."

"Beau atatoka? Kweli?" Alirusha yai la malachite juu akalidaka. "Niachie minye, Yaya. Courant iko, Mungu iko na sisi leo. Hata makuta moja sitaki."

Alifanya kazi mchana kutwa. Alifungua skrubu, akatoa kipande kimoja kimoja, akakipitisha kwenye gurudumu, akakirudisha. Weusi uliruka kama masizi. Shaba ikaanza kutokea, ya njano, laini, yenye joto. Wapita njia walisimama. Mama mmoja muuza dagaa wa ndakala aliomba ajitazame uso, akajitazama, akapiga kigelegele.

Umeme ulipokatika, kazi ilikuwa imekwisha. Nilicheka. Tangu walipomchukua Banza sikuwa nimecheka.

"Hata mu kanisa habana na kintu kama hii," Samy alisema, akijifuta jasho kwa kiwiko.

Nilimkumbatia mbele za watu.

Jumatano nilipika ugali wetu wa bukari na mboga za lengalenga, nikaenda Buluo. Safari ile sikuisikia. Nilipofika nikasubiri kuitwa pamoja na wake wengine, na nilikuwa natabasamu peke yangu hadi mmoja akaniuliza kama nina homa.

Banza alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Lakini aliponiona uso wangu, naye akaangaza.

"Juge aliitika?"

"Aliitika! Vendredi ninaleta appareil. Kula kwanza, Papa Laure, habari muzuri haikimbie."

Akala. Nikamtazama akila, nikafurahi.

"Utaona vile iko," nikamwambia. "Nilipeleka kwa Samy. Alipolisha yote, inang'aa. Hautaitambua."

Akaacha kutafuna.

"Alipolisha wapi?"

"Wapi namna gani? Yote, nakuambia."

"Na ile sahani ya juu? Pembeni ya boussole, ile dira? Pale kwenye maandishi?"

"Maandishi gani?"

Alilirudisha tonge kwenye sahani taratibu. Kwa miaka niliyoishi naye, mume wangu hajawahi kunipigia kelele, na hata siku ile hakupiga. Afadhali angepiga.

"Mama Laure. Pale balikuwa baliandika jina ya muntu alitengeneza ile appareil. Verlinden Père, ni kusema baba. Ile ya ofisi, yenye ilipotea, iko na Verlinden Frères, batoto bake. Zote mbili ni sawasawa, miguu, lunette, yote. Ile jina njo nilimwambia juge aangalie. Ile jina tu."

"Haukuniambia."

"Nilikuambia kila siku, mama."

Na ni kweli. Nitaungama mbele yenu, maana mbele ya padri nimeshaungama. Mume wangu alikuwa mtu wa kusimulia mambo ya mafundi wa kale wa vipimo kama wengine wanavyosimulia ukoo wao. Aliyasikia kwa baba yake, baba yake aliyasikia kwa Mzungu wake. Mimi nilikuwa nikikoroga bukari na kuitikia "eyo, eyo" bila kusikia neno.

Siku ile nilisikiliza.

Mzee Verlinden alikuwa fundi wa Bruxelles, zamani za kina babu wa babu zetu. Duara la kipimo lina mistari myembamba kuliko unywele. Aliichora kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, alfajiri kabla mikokoteni haijaanza kupita barabarani, maana mkokoteni ukipita nyumba inatikisika na mstari unapinda. Akikosea mstari mmoja, duara zima analitupa. Akimaliza anatia jina lake, lakini kwa haya, kwa mchoro mwepesi sana ambao unauona tu ukigeuzia shaba kwenye mwanga.

Alipokufa, wanawe walinunua mashine ya kuchora kutoka Uingereza. Wakatengeneza vipimo kwa wingi, vikaja huku kwetu kwa meli na kwa treni, na jina lao wakalipiga kubwa, likazama ndani ya shaba. Halafu ndugu hao wakagombana, wakafunga karakana.

Laiti mzee yule angekuwa na majivuno kidogo kama wanawe, gurudumu la Samy lisingelimshinda.

"Papa Laure, nisamehe."

Alikuwa anatazama ukuta. Mara akanishika mkono kwa nguvu, nikaruka.

"Ngoja. Uzi!"

"Uzi gani?"

"Mule ndani ya lunette, kwenye unaweka jicho, kuko msalaba mudogo. Ile ya batoto bake, msalaba iko juu ya kioo, balichora. Ile ya baba yabo haina ile kioo ya msalaba. Iko na uzi ya buibui."

"Ya buibui? Ile ya nyumba?"

"Ile ile. Bibi ya muzee Verlinden njo alikuwa anafuga buibui mu cuisine yake, pale anapika. Anabalisha nzi. Kiisha anakamata buibui, anamuangusha polepole, anazungusha uzi yake ku kanya, ile uma." Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Hakuna kintu kingine chembamba hivyo na chenye nguvu hivyo. Mupimaji yeyote akiangalia ataona ni uzi, haiko kioo. Hata Théodore hawezi kukatala. Na ile Samy hakuweza kuipolisha, iko ndani."

Nilikuwa nimeshikilia mkono wake kama mtu aliyetolewa mtoni. Niliondoka Buluo nikiimba wimbo wa Bikira Maria, Dodo anarukaruka mgongoni, na njia nzima nikamwombea heri yule mama wa Bruxelles na buibui wake.

Nilipofika nyumbani sikuosha hata miguu. Nikakibeba kipimo hadi dirishani, nikaweka jicho.

Nikaona nyumba ya jirani, kichwa chini miguu juu, kama Banza alivyowahi kuniambia kwamba darubini za zamani hupindua vitu. Niliona bati lake, nikaona kuku wake. Kila kitu safi.

Msalaba sikuuona.

Nikafuta jicho langu. Nikafuta kioo cha mbele. Nikatazama tena, jicho la kulia, jicho la kushoto. Kuku, bati, mbingu kwa chini. Hakuna uzi.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kikula, kipimo kichwani, kabla Samy hajafungua mlango.

"Samy, mule ndani ya lunette, uliona uzi?"

"Uzi?" Akafikiri. Kisha uso ukamchangamka, maskini. "Aa, ile buchafu! Nilifungua vis, ile skrubu ya nyuma, nikaona utando ya buibui mule ndani. Nikajiambia, Yaya yangu anaenda kwa juge na buibui? Nikapangusa na pamba, nikaitosha yote. Sikukuambia, Yaya, ilikuwa cadeau, zawadi yangu kwako."

Sikumpiga. Ningempigia nini? Nilikaa chini kwenye vumbi la kijani nikamweleza yote, kuanzia mzee wa Bruxelles hadi Buluo. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kusinyaa, hata akawa anaonekana kama alivyokuwa akiwa na miaka saba, alipovunja chungu cha mama.

"Minye njo nilimuua beau," akasema, akaanza kulia.

"Nyamaza. Buibui biko wapi hapa kwako?"

Mtacheka, na mna haki. Tulishinda mchana kutwa tukiwinda buibui kwenye kuta za Samy, mimi juu ya kiti, yeye amepiga magoti na chupa. Tulimpata mmoja mkubwa. Tukatafuta uma. Tukamwangusha polepole kama Banza alivyosema, naye akashuka na uzi wake vizuri kabisa, nami nikauzungusha, na nilipougusa ukaganda kidoleni, ukakatika.

Tukarudia. Ukakatika. Tukarudia. Mara moja Samy alifaulu kuufikisha hadi kwenye kile kipete kidogo ndani ya darubini, akashusha pumzi kwa furaha, pumzi yake mwenyewe ikaupeperusha.

Nilimwomba Mama Verlinden kama mtu anavyomwomba mtakatifu. Wewe mama mwenzangu, uliyepika ukafuga na wadudu ili mume wako ale, nionyeshe mkono unavyokwenda. Hakunionyesha kitu. Buibui naye alichoka, akatukimbia akaingia nyufani, na Samy akaegemeza kichwa kwenye gurudumu lake.

"Yaya, tuseme kweli tu kwa juge. Atasikia."

Nikakifunga kipimo kwenye kitenge, nikaenda zangu. Nguvu zilikuwa zimeniishia.

Ijumaa nikavaa kitenge changu cha ndoa. Laure nilimwacha kwa jirani. Dodo nilimbeba kifuani, kipimo nikakitia kwenye beseni kichwani.

Chumba cha mahakama kilikuwa kimejaa. Théodore alikaa mbele, suti ya kijivu, kwenye viatu hakuna hata chembe ya vumbi. Banza aliletwa kutoka Buluo na polisi wawili. Aliponiona alinitupia jicho la kuuliza. Nikatikisa kichwa. Nikaona mabega yake yanashuka.

Jaji alikuwa mzee, mwenye sauti ya uchovu. Aliponiambia nifungue beseni, nikafungua, na chumba kizima kikafanya "aaah". Jua la dirishani lilikipiga kipimo kikatupa mwanga mpaka darini. Jaji mwenyewe alitoka kwenye kiti chake, akakigusa kwa kidole kimoja.

"Iko muzuri sana," akasema.

Nikasema labda. Labda mimi ndiye niliyekuwa na akili.

"Monsieur Banza, ulisema juu yake kuko jina. Nionyeshe."

Banza akainuka. Akainama juu ya shaba ile, akapitisha kidole pale kwenye sahani ya juu, polepole, kama kipofu anayetafuta tundu la ufunguo.

"Ilikuwa hapa, Monsieur le Président," akamwambia jaji.

"Ilikuwa?"

"Ilifutika. Lakini muangalie mule ndani. Ile ya ofisi iko na kioo chenye msalaba. Hii haina kioo."

Théodore alikuwa ameshasimama. Aliomba ruhusa, akaweka jicho kwenye darubini, akakaa nalo pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ni kweli, haina kioo," alisema. "Haina na uzi. Haina hata kintu. Monsieur le Président, muntu mwenye alifuta jina inje, atashindwa kutosha kioo ndani? Hii njo appareil ya ofisi. Baliinyonyoa tu, kama vile kuku."

Watu wakacheka. Banza angesema nini? Kila tulichokuwa nacho cha kututetea, mimi na ndugu yangu tulikuwa tumekisafisha.

Jaji akarudi kitini. Akanigeukia.

"Mama, hii kintu ilikuwa kwa nani ile siku polisi balifika?"

"Kwangu, Monsieur le Président."

"Na jina, nani aliifuta?"

Nilimwona Samy nyuma ya chumba, ananyoosha shingo, tayari kusema. Nikawahi.

"Ni minye."

"Juu ya nini?"

Nikamweleza. Vinara vya parokia, limau, majivu, weusi, aibu. Nilieleza yote kwa moyo wangu wote, na kadiri nilivyoeleza kicheko kilizidi chumbani, mama mmoja akajifunika mdomo kwa kitenge. Jaji peke yake hakucheka.

"Mama, minye niko hapa miaka mingi. Muntu mwenye kintu iko yake hafute jina. Mwizi njo anafuta. Na weye uliificha polisi ilipokuya. Kuficha na kufuta. Hiyo ni kosa, na hiyo kosa ni yako, haiko ya bwana yako." Akamtazama polisi wa mlangoni. "Abakie hapa. Hatarudia ku nyumba."

Polisi akaja kusimama ubavuni mwangu. Dodo alikuwa amelala, akaamka, akaanza kutafuta titi. Nilimnyonyesha pale pale mbele ya watu wote, maana sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa nawaza Laure kwa jirani. Watoto walikuwa wamebaki na mzazi mmoja nyumbani, na sasa hata huyo hakuna.

Ndipo Banza aliposimama.

"Monsieur le Président. Muache bibi yangu."

"Ikala," jaji akamwamuru akae.

"Minye njo niliiba."

Jaji akamwashiria aendelee.

"Niliiba ku ofisi. Minye njo nilimwambia aifiche. Minye njo nilimutuma aifute jina. Alikatala, nikamulazimisha. Hajue hata kintu, muntu wa kanisa huyu."

Mume wangu hajui kusema uongo. Huyu ni mtu aliyewahi kurudi porini siku nzima kwa sababu kipimo kimoja kilimtia shaka, na hakuna aliyekuwa akimlipa. Alisema uongo ule vibaya, macho chini, sauti inatetemeka, kama mtoto anayekariri sala asiyoielewa.

Nikamtazama Théodore. Nilitegemea kumwona anacheka. Hakucheka. Uso ulikuwa umemgeuka kijivu kama suti yake, na alikuwa anamkodolea Banza macho ya mtu aliyeona maiti inasimama.

Hapo nikajua. Yule mtu alijua fika kwamba Banza hakuiba, kwa sababu alijua kile kipimo kingine kilikokwenda. Lakini kujua kwangu kungenisaidia nini? Nilikuwa mwanamke aliyesimama karibu na polisi, mtoto kifuani, na uthibitisho wote nimeufuta mwenyewe.

Jaji alivua miwani. Akaifuta. Akairudisha.

"Banza, unajua unasema nini? Ukisema hivyo, minye sina njia ingine. Utarudia Buluo, na hautatoka karibu."

"Ninajua."

"Na bibi yako anaenda ku nyumba."

"Njo vile ninataka."

Halafu jaji, na sitasahau kamwe jinsi alivyosema kwa upole, akanigeukia tena.

"Mama, bwana yako anasema alikutuma. Weye ulisema ni weye peke yako. Moja kati yenu anadanganya mbele yangu. Njo ninakuuliza mara ya mwisho. Alikutuma, ao hakukutuma?"

Nikisema ndiyo, ninarudi kwa watoto wangu na mume wangu anakuwa mwizi kwa kinywa changu. Nikisema hapana, tunaingia ndani wote wawili, pengine na Samy, na Laure anabaki mlangoni kwa jirani.

Banza alinitazama. Macho yake yalikuwa yananisihi niseme ndiyo. Hakuwa amewahi kuniomba kitu tangu tuoane, ila nisiguse kipimo chake.

Karani akachovya kalamu. Théodore akashika ukingo wa benchi.

Dodo aliliachia titi. Nikafunga kitenge changu vizuri, nikafungua mdomo.